Hukumu ya Jaji Haigeuzi Haki: Uamuzi wa Ndondi katika Mizani ya Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wanafunzi, katika darsa zetu mlango wa ukadhi ndio unaopitwa kwa haraka kuliko yote. Twahara tunaikalia muhula mzima. Ndoa na talaka kila mtu anakuja na maswali yake mfukoni. Tukifika Kitabul-Qadhaa, wengi wanafunga daftari, kwa dhana kwamba hayo ni mambo ya makadhi na mahakama zao. Mimi naona kila mmoja wetu anahukumu kila wiki, na pengine hakuna mahali tunapohukumu kwa sauti kubwa zaidi kuliko mbele ya runinga ya hosteli.

Kwa hiyo leo nataka tuusome mlango huo kupitia ndondi za kulipwa. Katika mpira wa miguu goli huonekana na uwanja mzima, na katika riadha saa ndiyo inayosema. Katika ndondi, ikiwa hakuna aliyeangushwa akashindwa kuinuka, ushindi unatoka kwenye kalamu za watu watatu waliokaa pembeni mwa ulingo. Huo ni ukadhi mtupu. Tena ni ukadhi wenye pesa nyingi nyuma yake na washabiki wanaopiga kelele, na mwenye kudhulumiwa husomewa hukumu damu ikiwa bado inamtoka puani.

Najua swali litakalokuja kwanza, kwa sababu nimeshaulizwa mara nyingi: ndondi zenyewe ni haramu, uadilifu wa nini tena ndani yake? Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi huko Makka mwezi wa Safar 1408 (Oktoba 1987), lilipitisha kwamba ndondi za namna inayochezwa leo hazijuzu, kwa kuwa zinamhalalishia kila mmoja kumdhuru mwenzake madhara makubwa, kuanzia upofu na kuumia ubongo mpaka kifo. Ipo pia hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim inayotuamuru kuuepuka uso tunapopigana, na bondia kazi yake yote ni uso. Mimi naufuata uamuzi huo wala sitafuti hapa njia ya kuuzunguka. Lakini uharamu wa pambano haumhalalishii jaji kusema uongo juu ya yaliyotokea ndani yake. Aya ya 8 ya Suratul-Maida inatutaka tuwe waadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Na bondia kijana anayenyang'anywa ushindi wake amedhulumiwa, hata kama ungependa angekuwa fundi seremala.

Tusisahau pia kwamba wanavyuoni wetu hawakuona haya kuandika juu ya haki katika mashindano. Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi'i, anasema juu ya mlango wa mashindano ya farasi na mishale kwamba hakuna aliyemtangulia Imam kuutunga. Ukifungua Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wengi wa mwambao na hapa kwetu Uganda wamekisomea, utakuta masharti yake: pa kuanzia pajulikane, pa kumalizia pajulikane, na wote wawili wawe sawa katika hayo.

Jaji wa ndondi ni nani kifiqhi?

Tuanze na kazi yenyewe. Katika pambano la ubingwa la raundi 12 kuna refa ndani ya ulingo na majaji watatu nje, kila mmoja upande wake. Kila raundi mshindi anapewa pointi 10, na aliyeshindwa kwa kawaida anapata 9. Akiwa ameangushwa mara moja, huwa 8. Majaji wanatakiwa kutazama ngumi zilizofika safi, kushambulia kwenye tija, nani anautawala ulingo, na kujilinda. Kila raundi inafungwa peke yake na karatasi inachukuliwa. Hawaruhusiwi kushauriana.

Sasa, huyu ni kadhi au ni shahidi? Swali hili lilinisumbua sana nilipoanza kuandika. Kadhi wa kawaida hakuona tukio. Anasikiliza walioona, kisha anahukumu. Jaji wa ndondi anaona kwa macho yake na anahukumu papo hapo kwa alichokiona. Amezibeba amana mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana naona masharti ya pande zote mbili yanamhusu. Kwa upande wa ushahidi, mafaqihi wa Kishafi'i wanasema kutoa ushahidi juu ya kitendo hakufai ila kwa kukiona, na kusikia peke yake hakutoshi. Kwa upande wa ukadhi, Imam Mawardi katika Al-Ahkam as-Sultaniyya anataja miongoni mwa sifa za kadhi usalama wa kusikia na kuona, uadilifu, na elimu ya anachokihukumu.

Sharti hilo la kuona linaonekana dogo mpaka utazame yaliyotokea New York tarehe 13 Machi 1999. Evander Holyfield na Lennox Lewis walikutana Madison Square Garden kuamua bingwa mmoja wa uzito wa juu. Waliohesabu ngumi walimpa Lewis 348 zilizofika, Holyfield 130. Majaji watatu wakatoa majibu matatu: mmoja 116 kwa 113 kwa Lewis, mmoja 115 kwa 113 kwa Holyfield, na wa tatu 115 kwa 115. Ikawa sare. Aliyempa Holyfield ushindi alikuwa amempa hata raundi ya tano, ambayo Lewis alimpiga mwenzake kwa namna iliyoonekana na kila mtu. Alipoulizwa baadaye alieleza kwamba wapiga picha walikuwa wamemziba. Jina lake sitalitaja, halitusaidii kitu katika somo hili. Lakini tazama jawabu lake kifiqhi. Shahidi aliyezibwa asiyasemee asiyoyaona. Kama kweli hakuona, basi alichoandika kwenye karatasi kilikuwa dhana iliyovaa nguo ya ushahidi.

Je, kila jaji anayetofautiana na wenzake ni dhalimu? La. Hapa ndipo washabiki wengi tunapovuka mpaka. Katika Sahih mbili imo hadithi ya Amr bin al-As (r.a.) kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana malipo mawili, na akijitahidi akakosea ana malipo moja. Raundi iliyobanana inaweza kuonekana hivi kutoka upande wa kaskazini na vile kutoka upande wa kusini: ngumi inayofika tumboni mbele ya jaji mmoja, mwenzake wa upande wa pili anaona mgongo tu. Kwa hiyo 115 kwa 113 huku na 115 kwa 113 kule ni khilafu tunayoizoea, kama khilafu ya mafaqihi katika furui. Jambo jingine kabisa ni 118 kwa 110 aliyopewa Canelo Álvarez na jaji mmoja dhidi ya Gennady Golovkin huko Las Vegas tarehe 16 Septemba 2017. Hesabu hiyo ina maana kwamba Golovkin alishinda raundi mbili tu kati ya 12. Wenzake wawili waliona mmoja 115 kwa 113 kwa Golovkin, mwingine 114 kwa 114, na pambano likawa sare. Ukipenda lugha ya wanahadithi, hiyo ya kwanza ni shadh. Baada ya usiku ule wasimamizi wa ndondi wa Nevada walimweka pembeni kwa muda, na naona walifanya sawa, kwa sababu malipo moja ya mwenye kukosea ni ya aliyejitahidi na mwenye ujuzi wa kazi. Ile hadithi ya Burayda kuhusu makadhi watatu, wawili Motoni na mmoja Peponi, inamtia Motoni hata anayehukumu kwa ujinga, si mla rushwa peke yake. Tumezoea kumwogopa yule wa rushwa tukamsahau huyu.

Nani anamlipa jaji?

Hapa ndipo penye kiini cha ugonjwa, na mimi ningeomba tupakalie.

Fiqhi yetu iliweka jambo hili wazi tangu zamani: riziki ya kadhi inatoka Baytul-Mali, haitoki kwa mahasimu. Zawadi ya mtu mwenye kesi mbele yake, ambaye hakuwa na mazoea ya kumpa zawadi kabla ya ukadhi, ni haramu kuipokea. Msingi wake ni kisa cha Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, hili lenu, hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza, kwa maana yake, kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake zawadi hiyo ingemfuata? Mimi sijaona kipimo chepesi kuliko hicho. Kila anayepewa kitu kwa ajili ya cheo chake ajiulize kama angekipata akiwa amekaa nyumbani.

Sasa tazama ndondi za kulipwa. Promota ndiye anayeandaa pambano, na mara nyingi mmoja wa mabondia ni wake, amemfunga kwa mkataba, na pambano lijalo tayari limo kichwani mwake. Na pesa zinazowalipa refa na majaji, ada, nauli na hoteli zao, mwisho wa hesabu zinatoka katika mfuko wa promota huyo huyo, hata kama zinapitia mikononi mwa chama au kamisheni. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Lakini ni sawa na kesi ambayo mmoja wa mahasimu ndiye aliyelipia chumba cha kadhi. Jaji hahitaji kuambiwa kitu. Anajua nani akikasirika yeye hataitwa tena.

Kuna mahali mambo yalivuka hapo. Robert Lee, aliyekuwa rais wa IBF, mojawapo ya vyama vikubwa vinavyotoa mikanda, alishtakiwa huko New Jersey mwaka 1999 kwa kupokea fedha ili kupanga daraja za mabondia. Mwaka 2000 baraza la mahakama lilimwachia mashtaka mengi, likamtia hatiani kwa machache, yakiwemo ya utakatishaji wa fedha na kukwepa kodi, na alihukumiwa kifungo. Katika kesi hiyo promota maarufu, Bob Arum, alikiri kwamba alitoa dola 100,000 ili pambano la George Foreman na Axel Schulz la mwaka 1995 lipate idhini ya chama. Fedha hizo, tuseme ukweli, hazikuwa za kununua karatasi za majaji. Zilikuwa za kununua nani apigane na nani. Lakini ukishanunua mlango wa kuingilia ulingoni, umeshanunua sehemu ya hukumu kabla kengele haijalia.

Mwaka huo huo wa 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kurekebisha ndondi za kulipwa, na sheria hiyo ina jina la ndugu yetu Muhammad Ali. Miongoni mwa inayoyataka ni kwamba jaji na refa waeleze kwa wasimamizi nani anawalipa na kiasi gani, na kwamba promota asiwe na maslahi ya kifedha katika umeneja wa bondia. Nilipoisoma nilitabasamu. Mtu akiwaambia tena kwamba kitabu cha ukadhi kimepitwa na wakati, mwonyesheni sheria hiyo halafu mwonyesheni mlango wa zawadi za kadhi.

Kuna mfano mmoja unaotugusa sisi wa Uganda moja kwa moja. Si wa ndondi za kulipwa, ni wa Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, lakini aliyedhulumiwa alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa ndondi za kulipwa: Roy Jones Jr. Fainali yake ilikuwa dhidi ya Park Si-Hun, mwenyeji wa Korea Kusini. Ngumi zilizohesabiwa zilikuwa 86 za Jones na 32 za Park. Majaji watano wakagawanyika, watatu kwa wawili, na medali ya dhahabu akapewa Park. Wawili waliompa Jones walitoka Sovieti na Hungaria. Watatu waliompa Park walitoka Moroko, Uruguay, na Uganda. Ndiyo, mmoja alikuwa wetu. Uchunguzi wa Kamati ya Olimpiki uliomalizika mwaka 1997 haukupata ushahidi wa rushwa, ila ulionyesha kwamba majaji hao walikirimiwa chakula na vinywaji na wenyeji wao Wakorea. Simtuhumu mtu wala sina haki hiyo. Nasema tu kwamba Ibn al-Lutbiyya naye angeweza kusema hakuhongwa, alizawadiwa. Fiqhi haikungoja mpaka rushwa ithibitike. Ilifunga mlango wa karamu mapema, kwa kuwa tumbo la kadhi nalo lina kumbukumbu.

Refa na amana ya roho

Refa amana yake ni tofauti kidogo na ya majaji, na sitaki kuichanganya nayo. Majaji wameaminiwa pointi. Refa ameaminiwa uhai.

Tarehe 24 Machi 1962, katika raundi ya 12, Emile Griffith alimbana Benny Paret kwenye kona na kumpiga mfululizo. Refa alichelewa kuingia kati. Paret alizimia pale pale na kufariki siku kumi baadaye. Upande wa pili wa mizani yuko Meldrick Taylor, tarehe 17 Machi 1990. Alikuwa mbele ya Julio César Chávez kwa pointi nyingi katika karatasi mbili kati ya tatu. Raundi ya 12, ya mwisho, akaangushwa. Akasimama, refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, hakujibu, na Steele akalisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili. Sekunde mbili tu, na ubingwa ungekuwa wake.

Marafiki zangu wengi wanasema Taylor alidhulumiwa. Mimi nimelirudia tukio hilo mara nyingi na sikubali. Refa hana saa ya ushindi machoni pake. Ana mtu aliyeulizwa akashindwa kujibu. Taylor aliishia hospitalini usiku ule. Kanuni tunayoifundishwa, kwamba kuondoa madhara kunatangulizwa mbele ya kuleta manufaa, haina kifungu kinachosema isipokuwa zikibaki sekunde mbili. Kuhifadhi nafsi ni katika yale mambo matano ya dharura ambayo sharia imekuja kuyalinda, mkanda haumo. Refa anayemwacha mtu apigwe ili karatasi zitimie amefanya uadilifu wa hesabu na khiyana ya roho.

Ila kwa sharti moja: kipimo kiwe kimoja kwa wote wawili. Barua ya Umar (r.a.) kwa Abu Musa al-Ash'ari, ambayo makadhi wamekuwa wakiirudia karne kwa karne, inamtaka kadhi asawazishe baina ya mahasimu hata katika kuwatazama na mahali anapowakalisha. Refa anayemhesabia mwenyeji taratibu ili apumue, na mgeni anamkatizia pambano akiwa bado anatazama vizuri, ameivunja barua hiyo. Hapa Uganda wazee bado wanamzungumzia Ayub Kalule alivyosimamishwa raundi ya tisa na Sugar Ray Leonard huko Houston, Juni 1981, ilhali alikuwa ameshainuka kutoka chini. Nafahamu uchungu wao. Lakini kuinuka peke yake si dalili ya kwamba mtu yuko salama, na Kalule alikuwa ameangushwa na mtu aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake.

Baada ya hukumu kusomwa

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Tuseme jaji amekosea na mkono wa asiyestahili umeinuliwa. Je, haki imehamia kwake?

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ummu Salama (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaeleza watu waliokuwa wakigombana kuwa yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa anavyosikia. Basi atakayekatiwa kitu cha haki ya nduguye asikichukue, kwani ni kipande cha moto. Fikirini vizuri anayesema maneno haya ni nani. Kama kulikuwa na hukumu ambayo ingeweza kugeuza batili kuwa haki, ingekuwa ya kwake. Imam Nawawi anaeleza kwamba hadithi hii ni hoja ya Malik, Shafi'i, Ahmad na jamhuri ya wanavyuoni kuwa hukumu ya hakimu inakata ugomvi kwa dhahiri tu, haigeuzi batini. Abu Hanifa alitofautiana katika baadhi ya mikataba kama ndoa, lakini katika mali yuko pamoja na wenzake.

Kwa hiyo mzigo haumalizikii kwa jaji. Unapita kwa mshindi. Na nimeona mtu asiyesoma fiqhi yetu akiubeba: Park Si-Hun. Maisha yake yote medali ile ilimuumiza badala ya kumfurahisha, na mwaka 2023 alisafiri mpaka Pensacola, mjini kwa Roy Jones, akampa medali mkononi mwake, miaka 35 baada ya Seoul. Rekodi za Olimpiki bado zinamtaja yeye kuwa mshindi. Dhahiri imebaki vilevile, ila kitu kimerudi kwa mwenyewe.

Msinielewe vibaya. Si kila mshindi wa pambano lenye utata ni mwizi. Tarehe 9 Juni 2012 Timothy Bradley alipewa ushindi dhidi ya Manny Pacquiao kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, wote 115 kwa 113. Chama cha WBO kikawaita majaji watano walitazame upya, na wote watano wakampa Pacquiao. Matokeo hayakubadilishwa. Wengi walikasirika, lakini huo ni mlango tunaoujua: ijtihadi haivunjwi na ijtihadi nyingine, la sivyo hakuna kesi itakayokwisha duniani. Umar (r.a.) alipohukumu mas'ala ya mirathi ya mushtaraka kwa namna tofauti na alivyohukumu mwanzo, aliiacha ile ya kwanza kama ilivyokuwa. Kinachonisikitisha katika kisa cha Bradley ni tulivyomfanyia sisi watazamaji. Alipigana raundi 12 na miguu iliyoumia kiasi cha kukaa kwenye kiti cha magurudumu baadaye, hakuijaza yeye karatasi yoyote, na bado alitumiwa vitisho vya kuuawa. Watu walikuwa wakiitetea haki ya Pacquiao kwa kumdhulumu Bradley. Na mmoja wa majaji waliompa Bradley ushindi aliteuliwa tena mwaka uliofuata, akaandika 114 kwa 114 katika pambano la Mayweather na Canelo ambalo wenzake waliona Mayweather ameshinda kwa wazi. Baada ya hapo aliacha kazi. Hapo ndipo lawama ilipokuwa na mahali pake: kwa waliomteua.

Nimebakiza jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu.

Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tusimame na uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi tuchukue mtu ambaye sisi sote tunampenda. Tarehe 28 Septemba 1976, Yankee Stadium, Muhammad Ali alitetea ubingwa wake dhidi ya Ken Norton, mara yao ya tatu. Huko New York wakati ule walihesabu raundi, si pointi kumi, na refa naye alikuwa na karatasi. Wote watatu walimpa Ali: 8 kwa 7, 8 kwa 7, na 8 kwa 6 huku raundi moja ikiwa sare. Kabla ya raundi ya 15 wawili kati yao walikuwa 7 kwa 7, na hao wawili wakampa Ali ya mwisho. Norton alitoka ulingoni akilia. Waandishi wengi waliokaa pembeni waliona ameporwa, na mjadala haujaisha mpaka leo.

Kila nikilitaja pambano hili katika vikao vyetu, nasikia majibu ya haraka kwamba Ali ndiye alikuwa bingwa, na bingwa lazima anyang'anywe kwa nguvu. Kauli hiyo ni maarufu katika ndondi, lakini haimo katika kanuni zilizoandikwa. Kila raundi inaanza sifuri kwa sifuri. Na tukimpa Ali raundi zilizobanana kwa sababu ni Mwislamu, kwa sababu alisimama dhidi ya vita vya Vietnam, kwa sababu picha yake ipo ukutani, tumekuwa kama wale majaji wa Seoul bila hata kualikwa karamu.

Anas (r.a.) anasimulia, katika Sahih Bukhari, juu ya al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.) ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Masahaba likawauma mpaka Mtume (s.a.w.) akaliona nyusoni mwao. Hakusema mbio zirudiwe, wala kwamba bedui alianza mapema. Aliwaambia, kwa maana yake, kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kuwa hakipandi kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Huyo ni ngamia wa Mtume, na mshindi ni bedui ambaye jina lake hata hatukulipokea.

Kwa wanaotaka kujipima, nina zoezi. Chukueni pambano hilo la Ali na Norton, zimeni sauti kabisa, maana mtangazaji ni mwenye kushawishi kuliko promota. Kaeni mbalimbali, msishauriane, na kila raundi ikiisha andikeni jina moja na mgeuze karatasi. Tulifanya hivyo chumbani kwetu tukiwa watatu, wote wapenzi wa Ali. Karatasi yangu ilitoka Norton 8, Ali 7. Ya mwenzangu wa kitanda cha juu ilitoka Ali 8, Norton 7, na tulipolinganisha tukakuta tumetofautiana raundi tatu, zote za mwanzo, ambazo Ali alicheza zaidi kuliko alivyopiga. Wa tatu alimpa Norton 9. Alikaa kimya kidogo, kisha akaomba tuirudie raundi ya tano.

Wallahu a'lam.